Ezell Broadnax na Jumamosi ya Kwanza ya Kocha Applewhite

Mzee wetu Ezell Lucious Broadnax alifariki Jumatatu, tarehe 26 Agosti 2024, alfajiri, nyumbani kwake Mtaa wa Pecan hapa Tolliver, Mississippi, akiwa na umri wa miaka sabini na minane. Ninaanza na kifo badala ya kuzaliwa kwa sababu mwenyewe alikuwa na ugomvi na tarehe hiyo, na nisipoitaja mapema nitaonekana nimemkingia kifua. Alitaka afike Jumamosi. Jumamosi ndiyo leo, na leo saa saba mchana Kambare wa Chuo cha Tolliver wanaingia uwanjani kwa mara ya kwanza chini ya kocha mpya, Desmond Applewhite. Marehemu aliisubiri mechi hii tangu Desemba kama mtoto anavyosubiri nguo ya sikukuu. Aliikosa kwa siku tano.

Ninayeandika na kuwasomea haya ni Theodis Crume, kaka wa mjane, Bi. Marvalene. Marehemu amekuwa shemeji yangu kwa miaka hamsini na minne. Wengi mnajua pia kwamba nilisoma Chuo cha Breedlove, mwendo wa saa moja kutoka hapa, na kwamba mimi ni Korongo, shabiki wa timu ya chuo hicho, tangu tumboni mwa mama. Minong'ono naisikia, msidhani siisikii. Korongo hula kambare, ndiyo, na tumewala miaka kumi na moja mfululizo bila kuugua tumbo. Lakini ni marehemu mwenyewe aliyetaka nisome mimi. Alimwambia dada yangu, "Asome Theodis. Wengine wote wakinisifu, watu watasema ni mazoea ya msibani. Theodis akinisifu, hata malaika watashtuka."

Basi washtuke. Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 huko Halsey's Bend, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Bw. Lucious Broadnax na Bi. Odessa, waliolima pamba kwenye shamba la watu. Alikuwa na miaka saba baba yake alipomleta mjini kwa mara ya kwanza kuuona mpira wetu, huu wa kukimbia nao mkononi na kuparamiana. Hawakuwa na tiketi, kwa hiyo alitazama akiwa mabegani mwa baba yake nje ya uzio. Kambare walifungwa vibaya sana siku hiyo. Njiani kurudi, baba yake akamwuliza ameonaje, naye akajibu, "Baba, walikuwa wanaanza kuamka." Dada yake, Bi. Idella, aliyetoka Detroit na ameketi pale mbele, ndiye aliyenisimulia, na anasema baba yao alicheka mpaka akamshusha chini.

Alianza masomo katika shule ya chumba kimoja nyuma ya kanisa hili la Mlima Nebo, akaendelea na sekondari hapa hapa mjini, na mwaka 1964 akaingia Chuo cha Tolliver. Alivaa jezi ya Kambare kwa misimu miwili akiwa mchezaji wa akiba. Aliingia uwanjani mara moja tu maishani mwake, Oktoba 1965, mwenzake alipovunjika kidole. Kocha akamwagiza amzuie mtu mmoja. Alimzuia kwa nguvu zake zote, mtu akalala chali haamki, na watu wakashangilia mpaka walipoona jezi ya aliyelala. Alikuwa nahodha wa Kambare. Marehemu hakuona aibu kuisimulia habari hiyo. Alikuwa akisema, "Waangalie ule mzuio wenyewe. Ulikuwa mzuri. Kasoro ni mtu."

Mwaka 1967 aliitwa jeshini akapelekwa Vietnam, katika kikosi kilichowatayarisha vijana waliofariki ili warudishwe kwa mama zao. Hakuzungumza juu ya miaka hiyo. Mimi nilimwuliza mara moja, akaniambia tu kwamba alijifunza kufunga tai ya mtu mwingine. Aliporudi alisomea kazi ya mazishi kule Memphis, na mwaka 1973 akafungua Nyumba ya Mazishi ya Broadnax, ile ya matofali mekundu kwenye kona. Sidhani kama kuna familia ndani ya kanisa hili ambayo hakuizikia mtu. Aliwaosha wazee wetu, akawachana nywele, akawavalisha vizuri kuliko walivyojivalisha wenyewe. Waliokuwa hawana kitu aliwazika vile vile na gari lile lile jeusi, na siku ya pili alipita nyumbani kwao na kuku wa kukaanga.

Watu wa nje hucheka wakisikia kwamba Tolliver hakuna anayezikwa Jumamosi Kambare wanapocheza nyumbani. Wanadhani ni kichaa cha mpira tu. Mambo yalikuwa hivi. Oktoba 1983, marehemu alimzika Shemasi Hosea Stamps hapo makaburini kwetu, ambapo, kama mjuavyo, ukuta mmoja tu ndio unaotutenganisha na uwanja. Mchungaji wa wakati huo amefika kwenye mavumbi kwa mavumbi, na ng'ambo ya ukuta Kambare wakavuka mstari na mpira, wakapata alama. Watu wakalipuka. Mmoja wa washika kamba kaburini akasahau yuko wapi, akaachia kamba akarusha mikono juu, na Shemasi Stamps akaenda chini kichwa mbele. Marehemu aliruka ndani ya shimo na suti yake akamweka sawa kwa mikono yake. Jumatatu akatangaza kwamba Broadnax hatazika tena siku ya mechi ya nyumbani, hata aliyekufa awe gavana. Alimweleza dada yangu, "Mtu anazikwa mara moja tu, Marva. Siku hiyo anadai masikio yetu yote." Tangu hapo mji mzima umefuata, na nyumba nyingine za mazishi zikafuata pia.

Marehemu alifunga ndoa na Marvalene Crume tarehe 14 Juni 1970. Juni, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili timamu anayeoa vuli, msimu wa mpira. Nyumbani kwetu sote ni Korongo, na baba yangu, Bw. Augustus Crume, alipoambiwa kijana ni wa Tolliver aliuliza kama hakuna mwizi aliyemposa. Alikubali kwa shingo upande. Siku ya harusi alinong'ona sikioni mwangu kwamba itadumu mpaka msimu uanze, na kweli nusura iwe hivyo. Oktoba ile ile bibi harusi wetu alipika chakula cha kumfurahisha mumewe: samaki wa kambare, wa kukaanga kwa unga wa mahindi, sahani imejaa. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wa Tolliver hawali kambare tangu Agosti mpaka Novemba. Bwana harusi akafunua sahani, akaifunika taratibu, akavua kofia.

"Marva," alisema, "umemfahamu huyu?"

"Nani?"

"Huyu marehemu."

Dada yangu alilia, kisha akacheka, kisha akammwagia mbwa sahani nzima. Kufikia Novemba alikuwa na kitambaa cha njano na kahawia, rangi za Kambare, kichwani, akipiga kelele kuliko wenyeji. Tulimpoteza hivyo hivyo. Walijaliwa watoto wawili, Rosalind, ambaye sasa ndiye anayeendesha nyumba ya mazishi, na Terrence, mwalimu wa Chicago.

Sasa niseme habari ya makocha, maana huwezi kusimulia maisha ya Ezell Broadnax ukaiacha. Katika ndoa yake Kambare walipata makocha tisa. Kila alipotangazwa mmoja, simu yangu ililia kabla gazeti halijafika, na sauti ikasema, "Theodis, huyu ndiye." Alikuja mmoja mnene sana, akasema mtu mzito hatikiswi. Akaja mwembamba, akasema huyu ana njaa. Akaja mmoja aliyekaa msimu mmoja akakimbilia Texas na bendera ya chuo ndani ya gari, na shemeji akasema angalau ametuonyesha kwamba Texas wanatutamani. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Shem, wewe hata wakimwajiri mlinzi wa geti utasema huyu ndiye." Akajibu, "Yule wa geti la mashariki? Ana macho makali yule, usimdharau." Unagombana vipi na mtu wa namna hiyo?

Lakini huyu wa tisa, nikiri, alikuja na vitimbi vyake. Kocha Applewhite alikaribishwa Desemba iliyopita katika ukumbi wa kanisa hili hili, kwa chakula. Nilikuwapo. Nilikuja kwa ajili ya pai ya viazi vitamu, mpira sikuuhitaji. Msimu ulishakwisha, kwa hiyo kambare ruksa, na marehemu mwenyewe alikuwa na vipande vitatu sahanini. Mama mmoja wa jikoni akamsogezea kocha sinia. Kocha akaweka mkono kifuani akasema, "Asante mama, wananukia vizuri. Ila jamaa zangu siwali." Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi. Watu walisimama juu ya viti. Marehemu aliweka uma chini, akaisukuma sahani yake mbali, machozi yanamtoka, akanishika mkono wa koti.

"Theodis, umesikia?"

"Nimesikia. Labda hapendi samaki."

"Hapendi samaki! Mtu wa Mississippi!"

"Amezaliwa Ohio, shem."

"Ohio! Ndiyo maana wametuletea. Ohio wanajua kazi."

"Kuna mtu kamfundisha aseme vile."

"Nani?"

"Wewe."

Aliapa si yeye. Akaniambia pia nitazame viatu vya kocha, vina tope, maana yake ameshakwenda kuukagua uwanja kabla ya kula. Nikatazama. Kweli vilikuwa na tope. Lakini siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, hata vyangu vilikuwa nalo, na mimi sikuajiriwa na mtu. Marehemu hakula tena kambare tangu jioni hiyo, awe wa msimu au asiwe wa msimu.

Februari mwaka huu alianza kupungua mwili na kulalamika mgongo. Vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho, nayo ilikwishaenea mwilini. Daktari wake, Bi. Amrita Sodhi, alimwambia ukweli bila kuuzungusha, na familia inamshukuru kwa hilo. Mimi na dada yangu tulikuwa chumbani. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja.

"Nitafika Agosti thelathini na moja?"

Daktari akashangaa. "Kuna nini siku hiyo? Harusi?"

Muuguzi akajibu kwa niaba yake, "Kambare wanafungua msimu, daktari. Kocha mpya."

Daktari alimtazama muuguzi, akamtazama mgonjwa, akavuta kiti akakaa. "Mzee Broadnax, sijui. Itakuwa ngumu."

"Ngumu tunaijua," marehemu alisema. "Sisi ni Kambare."

Kuanzia siku hiyo hakutaka kingine. Hakuomba apone, aliomba afike. Alimeza dawa zilizomtapisha, alikunywa supu akiwa hana hamu, alilala mapema. Aprili, kwenye mechi ya mazoezi ambapo timu hugawanywa ikacheza yenyewe kwa yenyewe, alisukumwa kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye mstari. Jioni akanipigia, sauti imejaa.

"Tumeshinda, Theodis!"

"Mlicheza na nani?"

"Sisi kwa sisi."

"Sasa ameshindwa nani?"

"Nyinyi mliosema hatuwezi. Ungemwona yule kijana anayerusha mpira! Anautupa unakwenda unaimba. Na wanapiga magoti wote pamoja, na wanasimama wote pamoja, hakuna anayebaki nyuma. Miaka sabini naangalia timu hii, sijawahi kuona wakisimama wote pamoja."

Nilitaka kumtania, nikashindwa. Nitasema na kilicho kweli: niliona wivu. Mimi timu yangu inashinda kila mwaka na sijawahi kuifurahia hivyo.

Kiangazi alidhoofika. Katikati ya Agosti Kocha Applewhite alikuja kumwona nyumbani. Dada yangu alidhani wataomba pamoja, akazima redio. Marehemu akafungua macho akasema, "Kocha, ule ukuta wa wazuiaji wa mbele, upande wa kushoto. Mwaka jana ulivuja kama kikapu."

"Nimeuziba, mzee."

"Kwa nani?"

"Kijana wa Greenwood. Ratili mia tatu na kumi, na anakimbia."

Marehemu akafumba macho, akasema haleluya kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu Pasaka. Ndipo wakaomba. Wiki hiyo hiyo zikaja habari nyingine. Mechi ya leo ilikuwa ichezwe ugenini, Arkansas, lakini tufani iling'oa taa za uwanja wa wenyeji wetu, ikahamishiwa hapa. Dada yangu alimwambia sikioni. Alitabasamu, akasema, "Unaona, Marva? Wananiletea mpaka mlangoni."

Jumatatu ile alfajiri aliomba dirisha lifunguliwe kwa sababu vijana wanaanza mazoezi. Dada yangu akalifungua. Filimbi ya kocha ikasikika kutoka uwanjani, na sauti za vijana wakihesabu pamoja. Aliendelea kuisikiliza kwa muda, na aliporudi dada yangu na kikombe cha maji, alikuwa ameondoka. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani.

Sasa nifike kwenye ratiba mliyoishika mkononi, maana kila mmoja aliyeingia hapa asubuhi hii ameniuliza imekuwaje. Rosalind, mtoto mwema, ndiye aliyepanga mazishi ya baba yake, na kwake mpira siku zote ulikuwa kelele za baba sebuleni. Kichwani mwake mechi ya kwanza ilikuwa bado iko Arkansas. Ndugu wa Detroit wangefika wikiendi hii tu, Jumapili ina ibada zake, Jumatatu ni sikukuu na wachimba kaburi hawafanyi kazi. Akaweka Jumamosi asubuhi, ibada saa nne, kuzika saa tano. Mama yake siku hizo alikuwa akiitikia kila aliloulizwa bila kulisikia. Rosalind akampigia mchungaji, Mchungaji Whitlow akasema sawa. Akawapigia mashemasi, wakasema sawa. Kwaya, sawa. Wabeba jeneza sita, wote wana viti uwanjani, sawa, sawa. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia mtoto aliyefiwa kwamba amempangia Ezell Broadnax kuzikwa Jumamosi ya mechi ya nyumbani. Nilipofika Jumanne nikaona, nikanyamaza na mimi. Ningesema, mngesema Korongo amekuja kuvuruga msiba.

Mambo yalifichuka Alhamisi jikoni kwa dada yangu. Shemasi Purvis Oglesby aliinama kukata pai, na ukosi wa kitu cha njano ukachomoza chini ya shati lake jeupe.

"Purvis," dada yangu akaita, "hicho nini shingoni?"

"Fulana tu, Dada Marvalene. Ya jasho."

"Tangu lini ya jasho ikawa na namba? Geuka."

Akageuka. Ilikuwa jezi. Akasema alikuwa anaijaribu kama itakaa chini ya suti, na maneno yalipokwisha kumtoka ndipo akajua amesema nini. Dada yangu akaweka kisu mezani.

"Kuna nini Jumamosi?"

Mchungaji Whitlow akakohoa. "Tulikubaliana tusimwumize mtoto, dada. Tutamzika saa tano vizuri kabisa, na saa sita na nusu tuko getini. Magari tumeshayapanga."

"Mmeyapanga magari! Mnamzika mume wangu huku mnatazama saa?"

Hapo Rosalind akaelewa. Akashika mdomo. "Mama, nimefanya nini? Nimemweka baba Jumamosi ya mechi. Mimi, mtoto wa Broadnax!" Akalia kwa uchungu, anataka kupiga simu zote upya, asogeze mpaka Jumanne. Terrence akamwambia kwamba Jumanne shangazi Idella atakuwa ameshapanda ndege na yeye mwenyewe ana darasa. Kila mmoja akawa na lake. Mwingine anasema mechi iachwe, mwingine anasema ibada ifupishwe. Shemasi Oglesby akasema yeye yuko tayari kukosa mpira kabisa, na alivyosema ilionekana kama anajitolea kukatwa mguu.

Dada yangu akaanza kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alicheka mpaka akakaa.

"Hakuna anayehamisha siku," alisema. "Ibada saa nne. Imbeni yote, hubirini yote, hakuna kutazama saa. Halafu tunakwenda mpirani, wote, na mimi naenda. Jioni saa kumi na moja tunarudi tunamzika."

"Na jeneza, dada?" mchungaji akauliza.

"Jeneza liko ndani ya gari lake. Gari likaegeshwe mahali pake pale uwanjani, anapoegesha tangu 1974. Kibali kiko kiooni."

"Dada Marvalene, sijawahi kuona hilo."

"Mchungaji, mtu amesubiri tangu Desemba. Amekunywa sumu zote zile asubiri. Mnataka kumfukia saa tano asubuhi, mechi ikiwa saa saba, akae huko milele hajui ilikwishaje?"

Rosalind akafuta macho, akauliza kwa sauti ndogo, "Na wakishindwa, mama?"

"Wakishindwa tutamzika tukiwa na huzuni, mwanangu. Si msiba? Lakini hawashindwi. Huyu kocha ndiye."

Nilimtazama dada yangu, binti wa Augustus Crume, aliyezaliwa Korongo, akisema maneno hayo bila hata kutabasamu. Kisha akanigeukia mimi. Akanikumbusha jambo ambalo nilidhani ni siri kati ya wanaume wawili, kwamba kila jioni ya Jumamosi Kambare waliposhindwa nilimpigia Ezell simu kumpa pole ya kebehi, na kwamba alikuwa anaketi karibu na simu kuisubiri, na siku nilipochelewa hakula.

"Wewe ndiye uliyekuwa unampa matokeo," alisema. "Kwa hiyo jioni, kabla hatujamshusha, wewe ndiye utakayemwinamia umwambie. Simwamini mwingine. Hawa wengine, Kambare wakishindwa, watamdanganya."

Marehemu ameacha mkewe, Bi. Marvalene Crume Broadnax. Binti yake Rosalind na mwanawe Terrence na mkewe. Wajukuu watano, ambao wote wameketi hapa na rangi ya njano mashavuni na nimeambiwa nisiwakaripie. Dada yake, Bi. Idella Broadnax Peeples wa Detroit, wapwa wengi, mji mzima wa Tolliver, na shemeji mmoja. Familia inawashukuru Daktari Sodhi na wauguzi wake, Mchungaji Whitlow, akina mama wa jikoni, na vijana wa timu waliosimama kimya ukutani gari lake lilipopita jana.

Shemeji yake huyo ana jambo la mwisho. Nimekuwa Korongo miaka sabini na minne. Tangu Alhamisi ninapiga magoti kando ya kitanda na kuomba, kwa sauti, nikitaja majina, kwamba Kambare washinde. Nimemwombea kijana wa Greenwood. Nimeuombea upande wa kushoto. Chini ya koti hili nimevaa jezi ya njano niliyoazimwa na Purvis Oglesby, inanibana, na siivui. Kwa maana saa kumi na moja jioni nitainama juu ya mtu niliyempelekea habari mbaya maisha yake yote, na sitamdanganya, na safari hii nataka niwe na kitu cha kumwambia.

Ezell Broadnax apumzike kwa amani jioni. Kwa sasa, shem, usilale bado.